Ukungu wa Viazi na Nyanya: Namna ya Kulinda Shamba Lako na Watu wa Nyumba Yako

Msomaji mpenzi, huenda utashangaa kuona kitabu cha afya kikisema habari za viazi. Utauliza, "Je, waganga wa hospitali wameacha dawa za watu na kushika dawa za mimea?" Hapana. Lakini shamba na hospitali ni majirani. Shamba likiungua, sufuria hupungua, na mtoto mdogo ndiye wa kwanza kudhoofika. Tena mtu apigaye dawa shambani bila uangalifu, kesho aweza kuletwa hospitali akibebwa. Kwa hiyo soma maneno haya mpaka mwisho, na umsomee pia jirani yako asiyejua kusoma.

1. UGONJWA HUU NI NINI?

Sisi wa Kibumba twajua viazi vya Ulaya, ambavyo wengi wetu twaviita ibirayi. Udongo wetu ulitoka katika volkano, nao una rutuba. Viazi vyetu, pamoja na kabichi, karoti na vitunguu, huteremka kwa njia ya Rutshuru mpaka masoko ya Goma, na kwa fedha yake tunanunua chumvi, sabuni, na kulipa karo ya shule. Basi adui wa viazi ni adui wa nyumba nzima.

Adui mkubwa ni ukungu. Wenye kusema Kifaransa huuita mildiu. Wakulima wengi wasemao Kinyarwanda huuita imvura, yaani mvua, kwa sababu huja pamoja na mvua. Jina hilo si baya, kwa maana linaonyesha wakati wa kuja kwake. Lakini mvua yenyewe siyo ugonjwa. Mvua ni mlango tu. Ugonjwa ni kiumbe kidogo sana kiitwacho Phytophthora infestans, ambacho jicho halikioni mpaka kimezaana kwa wingi. Hula majani mabichi ya viazi na ya nyanya, maana mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja.

2. DALILI ZAKE

Angalia dalili hizi:

(a) Madoa ya rangi ya majani yaliyochemshwa hutokea penye ncha au ukingo wa jani. Baadaye huwa ya kahawia, kisha meusi.

(b) Geuza jani asubuhi na mapema, umande haujakauka. Ukiona unga mweupe, kama pamba nyembamba, ukizunguka doa upande wa chini, basi ni ukungu kweli.

(c) Shina nalo huwa na mabaka ya kahawia au meusi, kisha hukatika kwa upepo.

(d) Shamba lenye ugonjwa mwingi lina harufu mbaya ya kuoza.

(e) Kiazi chenyewe huwa na mabaka yaliyobonyea kidogo. Ukikikata, chini ya ganda utaona rangi ya kutu.

(f) Nyanya hupata mabaka ya kahawia, magumu, yenye kung'aa kama yamepakwa mafuta, hata ingali mbichi.

3. HUTOKA WAPI, NA HUENEAJE?

Ukungu huu hautoki hewani bure. Kati ya msimu na msimu hukaa ndani ya mimea iliyo hai. Hukaa katika viazi vibovu vilivyotupwa kando ya shamba, katika viazi vilivyosahauliwa udongoni vikaota vyenyewe, katika nyanya zilizoachwa nyuma ya jiko, na katika mbegu iliyo na ugonjwa ndani yake. Katika mwaka 1994 kambi kubwa ya wakimbizi ilikuwa hapa Kibumba, na katika mwaka 2022 vita vilifika hapa tena, watu wengi wakakimbia na kuacha mashamba. Shamba lililoachwa hivyo huota viazi bila mlinzi. Kwa hiyo mtu akirudi nyumbani, kazi yake ya kwanza ni kung'oa viazi vilivyojiotea, ndipo apande vingine.

Mbegu za ukungu ni ndogo kuliko vumbi. Upepo na matone ya mvua huzichukua kutoka jani hadi jani, na kutoka shamba hadi shamba. Zikiangukia jani kavu wakati wa jua kali, hufa. Lakini jani likikaa na maji kwa saa nyingi, na hewa ikiwa ya baridi kiasi, mbegu huingia ndani. Baada ya siku tatu mpaka saba doa huonekana, na doa moja hutoa mbegu maelfu. Ndiyo sababu shamba lililokuwa la kijani Jumapili hii laweza kuwa jeusi katika majuma mawili.

Sasa fikiri juu ya nchi yetu. Kibumba iko juu, karibu na Nyiragongo na Mikeno. Asubuhi ukungu wa mlima hufunika mashamba, na umande huchelewa kukauka. Mvua za Septemba mpaka Desemba, na za Februari au Machi mpaka Mei, ndizo tunazotegemea kupanda. Hali hiyo yafaa viazi, nayo yaufaa ugonjwa pia. Ukungu wa mlima huleta ukungu wa majani.

4. SI UCHAWI WA JIRANI

Wengine shamba likiungua kwa siku chache husema, "Fulani amenionea wivu, ametupa kitu shambani mwangu." Ndugu, usiseme hivyo. Maneno hayo yamevunja urafiki wa watu wengi, wala hayajaponya hata jani moja.

Sikiliza habari ya nchi ya Ireland. Watu wake maskini walikula viazi karibu kila siku, na wengi walipanda aina moja tu, iliyoitwa Lumper. Katika mwaka 1845 ukungu huu ulifika Ulaya, ukaingia Ireland. Viazi viliozea udongoni. Kabla njaa haijaisha, watu wapata milioni 1 walikufa kwa njaa na kwa magonjwa yafuatayo njaa, na wengine wapata milioni 1 walihama nchi. Wakati ule wataalamu walibishana sana. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine ni mvua tu. Mchungaji mmoja wa Uingereza, Miles Berkeley, aliyependa kuchunguza mimea, aliandika katika mwaka 1846 kwamba ukungu wenyewe ndio uletao ugonjwa. Baadaye Anton de Bary wa Ujerumani alithibitisha jambo hilo, naye alikipa kiumbe hiki jina lake katika mwaka 1876. Afrika ya Mashariki ugonjwa ulienea katika miaka ya 1940.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, ugonjwa huu hauchagui kabila wala nchi. La pili, nyumba inayotegemea zao moja na aina moja imesimama kwa mguu mmoja.

5. USIUCHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Kabla ya kununua dawa, ujue kwanza unatibu nini. Fedha nyingi hupotea hapa.

Mnyauko wa bakteria: Mmea hulala ghafula kama umekosa maji, lakini majani yangali ya kijani. Wengi huuita kirabiranya. Kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize katika gilasi ya maji safi. Maji meupe kama nyuzi za maziwa yakishuka kutoka katika shina, ni mnyauko. Hakuna dawa ya kupiga inayouponya. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usipande viazi wala nyanya mahali pale kwa misimu mingi.

Madoa ya duara: Majani ya chini, yaliyo mazee, hupata madoa makavu yenye duara ndani ya duara. Ugonjwa huu huenda polepole kuliko ukungu wetu.

Moshi wa volkano: Hewa chungu ya volkano yaweza kuunguza majani wakati wa mvua. Lakini hiyo haichagui: utaona maharagwe na majani mengine yameungua pia. Ukungu wetu hupiga viazi na nyanya, na kuyaacha maharagwe yaliyo karibu.

6. KAZI SABA ZA KUZUIA

Kuzuia ni rahisi kuliko kuponya, kwa maana jani lililokufa halifufuki. Fanya kazi hizi saba.

Kwanza, chagua mbegu njema. Wengi huuza viazi vikubwa, na kupanda vile vidogo vilivyobaki bila kujua vilitoka katika mmea gani. Hii ni njia ya kupanda ugonjwa. Afadhali ufanye hivi: viazi vinapoanza kutoa maua, pita shambani na vijiti, uchomeke kijiti penye kila mmea ulio mzima na wenye nguvu. Pita tena kabla majani hayajazeeka, ung'oe kijiti penye mmea uliougua. Wakati wa kuvuna, chimba kwanza mimea yenye vijiti, uweke viazi vyake peke yake. Hiyo ndiyo mbegu yako.

Pili, panda aina zaidi ya moja. Aina ya Cruza imependwa Rwanda, Burundi na Kivu kwa sababu hustahimili ukungu kuliko nyingine nyingi. Haizuii kabisa, lakini hukupa nafasi.

Tatu, badilisha mahali. Usipande nyanya baada ya viazi, wala viazi baada ya nyanya, wala usivipande kando kwa kando. Weka maharagwe, mahindi, kabichi au vitunguu katikati ya misimu.

Nne, acha nafasi ya upepo. Mstari na mstari uwe sentimita 70 au 75, na mmea na mmea sentimita 30. Majani yakisongana hayakauki.

Tano, inua udongo. Mimea ikifika urefu wa kiganja, na tena baadaye, pandisha udongo juu ya shina mpaka tuta liwe nene. Mvua huosha mbegu za ukungu kutoka majani na kuzipeleka chini. Tuta nene huwa kama blanketi juu ya viazi.

Sita, funika nyanya. Nyanya chache za nyumbani zaweza kuokolewa bila dawa yoyote. Simamisha nguzo, utandike juu yake shitingi au plastiki safi, na uache pande zote wazi ili upepo upite. Mvua isipolowesha majani, ugonjwa hukosa mlango. Funga kila mmea kwa kijiti, ondoa majani yagusayo udongo, na mwagilia maji chini penye mizizi, si juu ya majani.

Saba, tembelea shamba. Wakati wa mvua pita kila siku mbili, ugeuze majani. Ukiona mimea miwili au mitatu imeugua, ing'oe, uitie katika gunia hapo hapo, uizike mbali katika shimo lenye kina. Usiiburute shambani, wala usiitupe njiani. Kisha nawa mikono na uoshe jembe. Mwambie na jirani yako siku ile ile. Ugonjwa haujui mpaka wa shamba, na mtu afichaye ugonjwa wake huupeleka kwa wote.

7. DAWA ZA KUPIGA: FAIDA YAKE NA HATARI YAKE

Kuna dawa za kusaidia, lakini uelewe kazi yake. Dawa iitwayo mankozebu, ambayo kwa kawaida ni unga wa manjano au wa buluu, ni kama mwavuli. Mwavuli hufunguliwa kabla ya kulowa. Ukiipiga wakati shamba limekwisha kuwa jeusi, umepoteza fedha yako. Hupigwa kabla ya dalili au penye dalili za kwanza kabisa, majani yakiwa makavu, na hurudiwa kila baada ya siku 7 mpaka 10 wakati wa mvua nyingi. Nyingine, zenye metalaksili, huingia ndani ya jani. Hizo zisipigwe mara nyingi katika msimu mmoja, kwa sababu ukungu huzizoea, na mwishowe hazifanyi kazi.

Dawa ya zamani ni mchanganyiko wa Bordeaux, uliotangazwa Ufaransa na Alexis Millardet katika mwaka 1885. Ukipata vitu vyake, utengeneze hivi: Yeyusha gramu 100 za salfati ya shaba katika lita 5 za maji, ndani ya ndoo ya plastiki, si ya chuma. Katika ndoo nyingine koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika lita 5 za maji. Mimina maji ya shaba polepole ndani ya maji ya chokaa, ukikoroga. Kisha chovya msumari safi. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa kidogo. Tumia siku ile ile.

Sasa angalia sana. Kitu kiuacho ukungu chaweza kumdhuru mtu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ruhusa ya mankozebu haikuongezwa tena tangu mwaka 2020, kwa sababu ya hofu juu ya afya, hasa ya watoto walio tumboni. Kwa hiyo shika amri hizi:

Nunua dawa katika pakiti yake yenye maandiko. Unga uliofungwa katika kipande cha plastiki, bila jina, usiununue.

Pima kwa kipimo kilichoandikwa. Kuzidisha hakuongezi nguvu, huongeza sumu.

Usichanganye kwa mkono mtupu. Tumia kijiti kirefu na kijiko kisichorudi jikoni.

Vaa mikono mirefu, suruali ndefu, buti, na glavu ukiwa nazo. Funga kitambaa safi puani na mdomoni. Upepo uwe nyuma yako.

Mwanamke mwenye mimba, mama anyonyeshaye, na mtoto wasipige dawa, wala wasikae karibu.

Usile, usivute tumbaku, wala usipulize kwa mdomo tundu la pompi lililoziba.

Nchi yetu haina vijito, kwa maana mwamba wa volkano haushiki maji. Katika mwaka 1994 maji ya wakimbizi hapa Kibumba yalipaswa kuletwa kwa magari. Maji ya mvua uliyoyachota kutoka paani ni uhai wa nyumba yako. Basi usioshe pompi karibu na pipa la maji, wala usichovye ndani yake ndoo ya dawa. Weka bidoni moja kwa kazi ya dawa tu, ulitie alama nyekundu.

Chupa na pakiti tupu usizitie mafuta, chumvi wala maji ya kunywa, hata ukiziosha mara kumi. Zitoboe, uzizike mbali na maji.

Dawa isikae chini ya kitanda. Ifungiwe kwa ufunguo, mbali na watoto, na mbali na mtu mwenye huzuni kuu aliyesema maneno ya kufa.

Ukipiga dawa, usivune mpaka siku zilizoandikwa zitimie. Kwa nyanya na mankozebu, isiwe chini ya siku 7. Kupiga leo na kuuza kesho ni kumwuzia mwenzako sumu. Nawe ununuaye, osha nyanya vizuri kwa maji mengi kabla ya kuila.

8. MTU AKIPATA SUMU

Dawa za ukungu huwasha ngozi na macho, huleta kikohozi, kichwa kuuma na kichefuchefu. Lakini wengi huzichanganya na dawa za kuua wadudu, na baadhi ya hizo ni kali zaidi. Mtu hutoka jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho huwa ndogo, misuli hutetemeka, na pumzi huwa ngumu. Huyo aweza kufa upesi.

Fanya hivi: Mtoe shambani. Mvue nguo zote zilizolowa. Mwoshe mwili kwa maji na sabuni. Kama macho yameingiwa, yaoshe kwa maji safi kwa dakika 15. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Kama amezimia, mlaze kwa ubavu, wala usimtie kitu mdomoni. Mpeleke hospitali mara moja, pamoja na pakiti ya dawa, ili mganga ajue sumu ni gani. Usingoje kesho.

9. VIAZI VYA KULA NA CHAKULA CHA MTOTO

Majuma mawili kabla ya kuvuna, kata majani yote ya viazi, uyaondoe shambani. Maganda yatakuwa magumu, na viazi havitaambukizwa wakati wa kuchimba. Vuna siku kavu. Chagua: vizima upande huu, vyenye mabaka upande huu. Viweke gizani, mahali pakavu penye hewa. Kiazi chenye baka dogo chaweza kuliwa leo baada ya kukata sehemu mbaya yote. Kilicholainika na kunuka kizikwe. Na kiazi kilichogeuka kijani kwa jua kina sumu ambayo moto hauiondoi. Usimpe mtoto, wala usile wewe.

Tena, usisahau hili. Hata viazi vikizaa vizuri, viazi peke yake havitoshi kumjenga mtoto. Mtoto alishwaye viazi tu, asubuhi na jioni, aweza kupata bwaki: miguu huvimba, nywele hugeuka rangi, naye hukaa kimya bila kucheza. Mwongezee maharagwe yaliyopondwa, lengalenga, na yai au dagaa ukipata. Kwa hiyo shamba lenye maharagwe karibu na viazi lina faida mbili: ukungu ukija, hamtalala njaa, usipokuja, mtoto ana chakula kamili.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

Mbegu ninayopanda ilitoka katika mmea gani?
Kuna viazi vilivyojiotea karibu na shamba langu?
Mara ya mwisho niligeuza majani lini?
Dawa yangu imewekwa wapi, na nani aweza kuifikia?
Chupa tupu za dawa ziko wapi sasa?
Shamba la viazi likiungua leo, watoto wangu watakula nini?

Ukiona swali moja huwezi kulijibu vizuri, anza kazi hapo. Na kama una shaka juu ya dawa uliyouziwa, njoo nayo katika pakiti yake kwenye kituo cha afya, uulize kabla ya kuifungua.